Pawa ya sinthesaiza ya kujiundia: anza na upande wa hasi

Ingia duka lolote la elektroniki Luthuli Avenue, Nairobi, uulizie pawa ya volti 12, utatolewa za kila aina: za kamera za CCTV, za taa za LED, za ruta, za kuchaji betri. Ulizia ya volti 12 hasi, na muuzaji ataanza kukuuliza unaunda nini. Chanya inapatikana kirahisi na ina nguvu ya kutosha. Hasi ndiyo adimu, ndiyo dhaifu, na ndiyo itakayoamua sinthesaiza yako, ala inayounda sauti kwa umeme, itabeba moduli ngapi, yaani vipande vya saketi vinavyoiunda. Kwa hiyo hapa tutachagua pawa tukianzia upande huo.

Hatua ya 1: Jua unalisha nini

Wengi wanaojiundia hufuata mfumo wa Eurorack, uliotokana na A-100 ya Mjerumani Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990. Moduli zake hulishwa kwa laini tatu: +12V, -12V na sifuri katikati. Chache huomba +5V pia, ila siku hizi nyingi hujitengenezea yenyewe kutoka kwenye +12V, kwa hiyo usiiruhusu ikuchagulie pawa. Ukifuata michoro ya mtindo wa zamani wa Moog, kampuni ya sinthesaiza ya Marekani, utakutana na ±15V. Saketi nyingi za ±15V hukubali ±12V ukibadilisha rezista chache. Moduli ya ±12V kwenye ±15V usichomeke.

Hasi yenyewe ya nini? Sauti ni wimbi linalopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, na op-amp (chipu ya kukuza mawimbi hayo) kama TL072 haiwezi kutoa volti iliyo chini ya ile inayolishwa. Ondoa hasi, na nusu ya wimbi haina pa kwenda.

Hatua ya 2: Piga hesabu safu mbili

Chora safu mbili kwenye karatasi, ya kushoto ya +12V na ya kulia ya -12V, kisha andika kila moduli inakula miliampea ngapi pande zote mbili. Za kununua zina namba hizo kwenye maelezo ya mtengenezaji. Za kuunda mwenyewe unazipima kwa mita iliyowekwa katikati ya waya, au unakadiria: TL072 moja hula takriban mA 3 kutoka kila upande, TL074 mara mbili yake, na kila taa ya LED mA 5 hadi 10 kutoka chanya peke yake. Kitu chochote chenye maikrokontrola nacho hula chanya karibu yote.

Tuchukue sanduku dogo la mfano. Osileta mbili za mA 40 kila upande, filta ya 30 na 30, VCA (ya kudhibiti ukubwa wa sauti) ya 20 na 20, envelopu ya 20 na 15, LFO (osileta ya mwendo wa polepole) ya 20 na 15, mikisa ya 15 na 15, dilei ya kidijitali ya 110 na 20, sikwensa ya 80 na 5. Chanya inafika mA 375, hasi mA 200. Ongeza asilimia 30, maana pawa inayokimbizwa hadi mwisho wake hupata joto, hupiga kelele na hufa mapema: mA 490 na mA 260.

Halafu jiulize swali ambalo wengi hulikwepa: mwakani sanduku hili litakuwa na moduli ngapi? Mimi kwa sanduku la kwanza nashauri ampea moja ya chanya na nusu ampea ya hasi, ambayo ni nusu ampea ya kweli, siyo ya kwenye stika.

Hatua ya 3: Linganisha kinachopatikana mjini

Pawa ya kompyuta ya mezani ndiyo ya kwanza kila mtu kuiwazia, kwa sababu zimejaa kwenye maduka ya mitumba. Unaunga waya wa kijani na mweusi inawaka. Njano ni +12V, bluu ni -12V. Sasa soma stika yake: chanya ampea 15 au zaidi, hasi ampea 0.3. Ampea zote hizo za chanya hazikusaidii. Tena ile hasi inaruhusiwa kupotoka hadi asilimia 10, yaani isome 10.8 au 13.2 na bado ihesabike ni nzima. Ni nzuri kwa kujaribia moduli mezani. Kuiweka ndani ya sanduku la muziki, sikushauri.

Kuna pawa za kiwandani zenye kisanduku cha bati, zinazotoa +5V, +12V na -12V kwa pamoja. Hizi ni bora zaidi, ila tabia ni ileile: nyingi za ukubwa wa wati 65 hutoa nusu ampea tu ya hasi. Ikiwa hesabu yako ni kama ya mfano wetu, inatosha. Fahamu pia kwamba skrubu zake za kuingizia stima ziko wazi, kwa hiyo lazima ifungiwe ndani ya sanduku.

Njia ya kuchukua volti 24 na kuigawa katikati kwa op-amp ili upate sifuri ya bandia, iache. Op-amp ya kawaida haiwezi kubeba hata mA 50 kwenye sifuri hiyo, na sifuri ikiyumba, kila kitu kinayumba nayo.

Zimebaki njia mbili ambazo ningezipendekeza kwa mtu wa Nairobi.

Hatua ya 4: Adapta mbili, kwa anayeanza

Adapta mbili za CCTV za volti 12, ampea 2. Unaunga hasi ya adapta A na chanya ya adapta B, na kiungo hicho ndicho sifuri yako. Chanya ya A inakuwa +12V, na hasi ya B inakuwa -12V. Ghafla upande wa hasi una nguvu sawa na wa chanya, na hujagusa stima ya ukutani hata kidogo.

Sharti ni moja: pato la adapta lisiwe limeungana na arthi. Kabla ya kuunga lolote, chomoa adapta ukutani, weka mita kwenye omu, gusa hasi ya pato na pini ndefu ya plagi, ile ya arthi. Pini ikiwa ya plastiki, huna wasiwasi. Ikiwa ya chuma na mita ikasoma omu chache, adapta hiyo haifai, kwa sababu ukitumia mbili za aina hiyo utakuwa umeipiga moja shoti kupitia arthi. Adapta nyingi za laptopu zenye plagi ya pini tatu ziko hivyo.

Kasoro yake ni sauti. Kila adapta ya aina hii hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio. Lakini mbili zikiwa pamoja hazikati kwa kasi sawasawa. Moja ikiwa kwenye 65,000Hz na nyingine 68,000Hz, tofauti yao ni 3,000Hz, na hiyo utaisikia: mluzi mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyochomeka moduli. Dawa ya kwanza ni filta kwenye kila laini: koili ya maikrohenri 47 hadi 100 yenye uwezo wa ampea yako, ikifuatwa na kapasita ya µF 470 na nyingine ya µF 0.1 kwenda sifuri.

Dawa bora ni kutafuta adapta za volti 15 badala ya 12, kisha kuweka regyuleta ya 7812, chipu inayoshikilia volti kwenye 12, mbele ya kila moja. Hapa kuna ujanja ninaoupenda. Kwa kuwa adapta zimetengana, huhitaji 7912, pacha wake wa volti hasi, kabisa. Unatumia 7812 mbili. Ya pili unaiunga hivi: pato lake linakwenda kwenye sifuri, na mguu wake wa katikati, pamoja na hasi ya adapta B, ndio unakuwa -12V. Kwa nusu ampea kila moja inapoteza (15 - 12) × 0.5, wati 1.5, ambayo bamba dogo la alumini la kupozea huimudu. Tumia adapta za volti 19 na hasara inaruka hadi wati 3.5, kwa hiyo bamba liwe kubwa.

Adapta zote mbili zikae kwenye ekstensheni yenye swichi moja, ziwake na kuzimika pamoja. Na kwenye kila laini weka dayodi ya 1N4001 iliyolala kinyume: mkia wenye mstari kwenye +12V na mwingine kwenye sifuri, kwa upande wa hasi, mstari kwenye sifuri na mwingine kwenye -12V. Adapta moja ikifa, dayodi hizi huzuia laini yake isivutwe upande usio wake na kuunguza op-amp.

Hatua ya 5: Transfoma, kwa aliyezoea

Pawa ya transfoma haipigi mluzi, inatengenezeka kwa vifaa vya mtaani, na inaweza kukaa miaka mingi. Transfoma unayotaka ina nyaya tatu upande wa pili, kama 12-0-12 au 15-0-15, yaani volti 12 au 15 za AC kila upande wa waya wa katikati. Chimbuko zuri ni sabufa zilizokufa, zile za sebuleni ambazo fundi amekataa kuzitengeneza: nyingi zina transfoma ya namna hiyo ndani, na utauziwa kama chuma chakavu.

12 au 15? Vitabu vingi vitakwambia 12-0-12 inatosha. Tuhesabu kwa stima ya hapa. Mtandao wetu ni 240V, 50Hz, lakini transfoma nyingi zimeandikwa 220V. Ukipeleka 240V kwenye 12-0-12 ya namna hiyo, unapata 13.1V, ambayo kileleni ni 18.5V, toa 0.7V ya dayodi, imebaki 17.8V. Kapasita ya µF 4700 ikilisha nusu ampea hushuka takriban volti moja kati ya kilele na kilele, kwa hiyo kiwango cha chini ni 16.7V. Regyuleta ya 7812 inahitaji angalau 14V kuingia ili itoe 12V safi. Hadi hapo mambo shwari.

Sasa ifike saa mbili usiku, ploti nzima inapika na kuchemsha maji ya kuoga, stima ishuke hadi 200V. Transfoma inatoa 10.9V, kileleni 15.4V, baada ya dayodi 14.7V, na chini kabisa 13.7V. Regyuleta imekosa pumzi mara 100 kwa sekunde, na wewe unasikia mvumo wa 100Hz kwenye kila noti. Asubuhi mvumo umetoweka, unaanza kulaumu moduli. Kwa 15-0-15 stima hiyohiyo ya 200V inakuachia 17.5V. Nairobi, chukua 15.

Bei yake ni joto. Stima ikiwa kamili, regyuleta inapokea karibu 21V na kushusha 9V. Kwa nusu ampea ni wati 4.5. Kifurushi cha TO-220, umbo la chipu hizi, bila bamba hupanda takriban nyuzi 65 kwa kila wati, kwa hiyo 7812 iliyosimama peke yake itajizima kabla hujamaliza wimbo. Bamba la nyuzi 8 hadi 10 kwa wati linatosha. Ila angalia hili: bati la mgongoni la 7812 ni sifuri, lakini la 7912 limeunganishwa na ingizo lake, yaani volti hasi. Ukizifunga zote mbili kwenye bamba moja bila karatasi ya mika na bushi ya plastiki kwenye skrubu, umefunga laini ya hasi kwenye sifuri. Miguu nayo haifanani: ukitazama maandishi, 7812 ni ingizo, sifuri, pato; 7912 ni sifuri, ingizo, pato.

Ukubwa wa transfoma nao hudanganya. Transfoma ya 30VA ya 15-0-15 imeandikwa ampea moja ya AC, lakini ukishaweka daraja la dayodi (dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC) na kapasita, DC unayoweza kuchota bila kuichosha ni karibu 0.55A hadi 0.6A kwa kila laini. Kwa ampea kamili tafuta 50VA au zaidi, na uachane na 7812 utumie regyuleta nzito zaidi, kwa sababu joto litakuwa wati 9. Kapasita kubwa ziwe za 35V, siyo 25V.

Transfoma inagusa stima ya ukutani, kwa hiyo kama hujawahi kufunga waya wa 240V, mwite fundi wa stima afunge upande huo. Sanduku la bati litengenezwe Kamukunji kwa vipimo vyako, na waya wa arthi ufungwe kwenye bati lenyewe kwa skrubu yenye washa ya meno. Baada ya soketi ya kuingilia weka fyuzi ya nusu ampea ya kuchelewa, halafu swichi. Kwenye plagi toa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3.

Hatua ya 6: Kagua stima ya nyumba

Katika nyumba nyingi za kupanga, tundu la arthi lipo kwa macho tu. Mita kwenye AC kati ya laivu na arthi inapaswa kusoma karibu 240V. Ikisoma namba ndogo au inayocheza ovyo, arthi haipo, na sanduku la bati lenye transfoma halifai kuchomekwa hapo hadi fundi arekebishe. Kwa adapta mbili utajua kwa njia nyingine: paneli ya chuma itakutekenya vidole kidogo, na sauti itanguruma mpaka uunge mikisa yenye arthi.

Stima ikirudi baada ya kupotea, mara nyingi huja na pigo. Gadi ya TV, ile inayochelewesha kuwasha kwa sekunde kadhaa, ni ya bei nafuu ukilinganisha na osileta moja. Jenereta ndogo na inveta za bei ya chini zisizotoa wimbi laini hufanya transfoma ivume, hata ukiwa umefanya kila kitu sawa.

Hatua ya 7: Sambaza bila kupoteza

Pawa nzuri inaweza kuharibiwa na sentimita 50 za waya mwembamba. Osileta hufuata volti moja kwa oktava, kwa hiyo nusu toni ni mV 83 na senti moja, sehemu ya mia ya nusu toni, haifiki hata mV 1. Uzi mmoja wa kebo bapa ya kijivu una takriban omu 0.2 kwa mita. Pitisha nusu ampea kwenye nusu mita ya uzi huo na mV 50 zimepotea. Zikipotea kwenye sifuri, osileta yako imeteleza zaidi ya nusu ya nusu toni, na itateleza upya kila LED ya sikwensa inapowaka.

Kwa hiyo kutoka kwenye pawa hadi kwenye ubao wa kusambaza tumia waya mnene wa mm² 1.5, mfupi kadiri inavyowezekana, na sifuri iwe nene kuliko zote. Moduli za kidijitali zichomekwe karibu na mahali pawa inapoingilia na osileta zipewe laini yao. Kebo bapa ibaki kwa kipande cha mwisho tu, kati ya ubao na moduli, ambapo kiunganishi cha pini 16 kinatoa pini sita kwa sifuri.

Hatua ya 8: Tesa pawa kabla ya kuipa moduli

Nenda Kirinyaga Road kwenye spea za magari ununue balbu za 12V: mbili au tatu za wati 5, za pakingi, na moja ya wati 21 ya indiketa. Balbu ya wati 5 hula ampea 0.42, na hiyo ni mzigo wa kujaribia wa bei ya chini kabisa mjini. Unga balbu ya wati 5 kwenye +12V na nyingine kwenye -12V. Ile ya 21 hula ampea 1.75, ni ya adapta za ampea 2 zisizo na regyuleta tu.

Pima volti kabla na baada ya kuunga. Regyuleta inaruhusiwa kusoma popote kati ya 11.5V na 12.5V, ila kushuka ikipewa mzigo kusizidi 0.1V. Iache iwake saa nzima. Gusa bamba: lichome kidogo, sawa, kama huwezi kushikilia kwa sekunde tatu, tafuta kubwa zaidi.

Kelele nayo isikilize, maana mita za bei nafuu hazipimi AC ndogo kiasi hicho. Weka kapasita ya µF 1 na rezista ya kilo-omu 10 mfululizo kutoka kwenye laini hadi ingizo la mikisa, sifuri kwa sifuri, sauti ya mikisa ikiwa imefungwa. Kisha fungua polepole. Mvumo mzito unatoka kwenye transfoma na kapasita. Mluzi unatoka kwenye adapta.

Hatua ya 9: Chomeka moja moja

Mstari mwekundu wa kebo bapa ni upande wa -12V. Kuanzia hapo pini mbili ni hasi, sita ni sifuri, mbili ni +12V, na kwenye kiunganishi cha pini 16 mbili zinazofuata ni +5V. Kebo za kujifungia usiziamini kwa rangi: pima kwenye ncha ya mwisho, mita nyeusi kwenye sifuri, uone hasi ikiwa hasi kwelikweli kabla ya kuichomeka kwenye moduli. Kiunganishi cha pini 10 kikigeuzwa, chanya na hasi hubadilishana moja kwa moja, na chipu hazingoji uzime.

Zima, chomeka moduli moja, washa, pima laini zote mbili, zima, chomeka nyingine. Laini ikishuka ghafla baada ya moduli fulani, hiyo ina shoti au kebo yake imegeuka. Hasi ikianza kushuka polepole unapofika moduli ya sita au ya saba, rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2: kuna safu uliyoikadiria kidogo, na mara nyingi ni ile ya kulia.